Hotuba Iliyoikalia Mashine ya Walio Hai

Mimi ni karani wa mihtasari, na karani wa mihtasari hana maoni. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani kuna mtu ninamlaumu. Nchi yetu ni nchi nzuri. Ina amani, ina barabara pana ya kwenda uwanja wa ndege, na ina Ofisi ya Walio Hai, kitu ambacho nchi nyingi zilizotutangulia kwa mambo madogo madogo hazijakipata.

Kazi ya Ofisi ya Walio Hai ni kutunza Daftari. Zamani lilikuwa la karatasi, mpaka panya walipokula wilaya mbili na wakazi wake wakawa wamekufa kwa miezi saba, jambo lililowasumbua sana maana ulikuwa wakati wa mavuno. Baada ya hapo Daftari likaingizwa kwenye mashine. Mashine iko ghorofa ya chini, katika chumba chenye baridi, na inaendeshwa na mfumo uitwao Unix, ambao mafundi husema haulali. Kila asubuhi saa mbili kamili hospitali, shule na magereza huiuliza: fulani yu hai? Ikijibu ndiyo, fulani hutibiwa, au hufundishwa, au hufungwa, kadiri ya stahili yake. Ikijibu hapana, hurudishwa kwao akazikwe. Ikinyamaza, sheria iko wazi: kimya ni hapana.

Fundi wa mashine hiyo alikuwa Bi. Zamaradi Shekuwe, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mwembamba, mwenye sweta la kijani alilolivaa kila siku kwa ajili ya baridi ya chumba kile. Zamani walikuwa mafundi wanne. Watatu walihamishiwa Kitengo cha Mapambo katika mwaka wa Jubilei, akabaki yeye.

Jumatatu ile alifika ofisini akitokea hospitali. Mumewe, Mzee Chande, figo zake zote mbili zilikuwa zimeacha kazi, na siku tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, alilazwa pembeni ya mtambo wa kusafisha damu. Bi. Zamaradi alikuwa amesimama kwenye foleni tangu alfajiri, akahakikisha saa mbili jina la mumewe limejibiwa ndiyo, kisha akaja kazini. Mezani akakuta agizo la Wizara: Hotuba ya Jubilei ya Kiongozi Asiyechoka, yenye urefu wa masaa tisa na dakika kumi, inakiliwe kwenye diski ya kubebeka na kupelekwa mikoani kabla ya adhuhuri.

Kazi yenyewe ni amri ya mstari mmoja. Unaiambia mashine nakili kutoka hapa kwenda pale. Diski ya kubebeka iliitwa c. Diski ya mfumo, ile inayoifundisha mashine namna ya kuwa mashine, iliitwa a. Bi. Zamaradi aliandika a.

Mfumo ule hauulizi mara mbili. Ulianza kunakili.

Mimi nilikuwa nimeshuka kumletea kitabu cha mahudhurio asaini. Nilimkuta amesimama, mikono miwili kichwani.

"Hemedi," aliniambia bila kugeuka, "usiguse chochote. Hata swichi ya taa."

"Kuna nini, Bi. Zamaradi?"

"Nimeiandika hotuba juu ya mfumo. Nimekosea herufi moja."

Nilitazama skrini. Mistari ilikuwa inashuka kama kawaida: zahanati ya Mto Mweupe inauliza, inajibiwa, gereza la wanawake linauliza, linajibiwa.

"Mbona inafanya kazi?"

"Inafanya kazi kwa sababu haijajua," alisema. Kisha akaketi, akanieleza taratibu, jinsi unavyomweleza mtu habari ya msiba. Daftari lenyewe lilikuwa salama kwenye diski nyingine. Lakini mfumo uliolibeba haukuwapo tena kwenye diski yake. Umebaki ule tu ambao mashine ilikuwa imeushika kwenye kumbukumbu wakati ajali inatokea. Maadamu haijazimwa, itaendelea kujibu. Siku itakapozimwa haitaamka, kwa sababu itakapotafuta maelekezo ya kuamka itakuta hotuba.

"Na nakala za akiba?" niliuliza.

Alinitazama. Nikakumbuka. Kanda zote za akiba zilichukuliwa na Kitengo cha Mapambo, zikapangwa kwenye ukuta wa Makumbusho kuandika neno DAIMA. Zilibandikwa kwa gundi nzuri sana.

Aliandika taarifa ya kukiri kosa, nusu ukurasa, akaipeleka mwenyewe kwa Mkurugenzi.

Mkurugenzi wetu, Bwana Mkupasi, aliteuliwa kutoka kwenye gwaride la halaiki, ambako alifundisha watoto elfu sita kugeuka pamoja kushoto. Aliisoma taarifa mara mbili, akapiga simu Wizarani, na kabla ya saa nane Mheshimiwa Waziri wa Uhai alikuwa ameingia na magari matano.

Nilikuwepo, nikiandika. Bi. Zamaradi alisimama mbele ya mashine, akaeleza upya.

"Ngoja, mama," Waziri alimkatiza. "Unasema kwenye diski kuu ya taifa hili, hivi sasa, kuna nini?"

"Hotuba, Mheshimiwa."

"Na kitu gani kingine?"

"Hakuna kingine, Mheshimiwa. Ndilo tatizo."

Waziri alivua miwani. Macho yake yalikuwa yamelowa. Aligeukia walinzi, madereva, na mpiga picha wa Wizara.

"Ndugu zangu," alisema, "ziko nchi ambazo mashine zao zimejaa takataka za kigeni, maneno ambayo hata mwenye mashine hayaelewi. Leo mashine yetu imeyatapika hayo yote. Imebaki na sauti moja. Nani alipanga? Hakuna aliyepanga! Mashine imechagua yenyewe!"

Tulipiga makofi. Bi. Zamaradi hakupiga, maana alikuwa ameshika waya uliolegea nyuma ya mashine, uliotaka kuchomoka kwa mtikisiko wa viatu.

Waziri aliagiza mambo mawili. Kwanza, kwa mujibu wa Sheria ya Kuhifadhi Kauli, neno lolote la Kiongozi likishawekwa kwenye chombo cha serikali halifutwi; hivyo diski ile isiguswe. Pili, Jumatano saa moja na nusu asubuhi, mbele ya kamera, mashine izimwe na kuwashwa tena kwa heshima, ili wananchi wasikie kitu cha kwanza itakachosema.

"Mheshimiwa," Bi. Zamaradi alisema, "ikizimwa haitaamka. Saa mbili hospitali zitauliza na hakuna atakayejibu. Kuna watu wanapumua kwa mitungi. Kuna akina mama wanaojifungua. Mume wangu mwenyewe Jumatano ni siku yake."

Waziri alimshika bega. "Mama, hotuba ya masaa tisa haiwezi kushindwa kuiamsha mashine. Mimi mwenyewe iliniamsha mara tatu."

Nimeandika hilo kama lilivyosemwa.

Jumanne asubuhi Mkurugenzi alinipa kazi mpya: nikae na Bi. Zamaradi chumba cha mashine na kuandika kila afanyacho na kila asemacho, kwa ajili ya kitabu cha kumbukumbu ya tukio. Nilifurahi. Katika miaka kumi na minne hakuna aliyewahi kusema mihtasari yangu itafanywa kitabu.

Nilimkuta na chupa ya maji na karatasi zilizojaa mwandiko mdogo. Kwenye skrini kulikuwa na dirisha moja jeusi ambalo lilikuwa wazi tangu kabla ya ajali.

"Nikilifunga hili," alisema, "sitaweza kufungua jingine."

Aliandika amri ya kuonyesha orodha ya mafaili. Mashine ikajibu kuwa haijui neno hilo. Akaandika amri ya kunakili. Haijui. Ya kuhariri. Haijui. Ilikuwa inatisha kuitazama. Mashine iliyokuwa ikiyajua majina ya watu milioni kumi na tisa haikujua tena maneno ambayo fundi yeyote huyajua kwa wiki ya kwanza. Yalibaki manne au matano, ambayo dirisha lile lilikuwa limeyabeba lenyewe. Kwa hayo manne au matano Bi. Zamaradi alianza kazi. Alikuwa kama anayemwita mtu aliyezimia, akitafuta ni jina gani ataliitikia.

Ilipofika saa tatu na robo alipata alichokitaka: programu ndogo ya kupokea vitu kwa waya, iliyoachwa ikiendelea kwenye kumbukumbu. Akainua simu.

Nchi yetu ilinunua mashine mbili za aina ile siku moja. Ya kwanza ikapewa walio hai, ya pili ikapewa Ofisi ya Mifugo, mkoa wa kaskazini. Fundi wake aliitwa Ngwatu.

"Shikamoo, dada Zamaradi."

"Marahaba, Ngwatu. Mashine yako nzima?"

"Nzima kabisa. Asubuhi hii imesajili ndama mia mbili."

"Nataka unitumie mfumo wako. Kwanza programu ndogo ndogo, moja moja, nizipange kwenye kumbukumbu. Halafu diski yako ya mfumo yote, kama ilivyo."

Ngwatu akashusha sauti.

"Dada, huko kwenu si kuna hotuba kwenye diski? Redio ilitangaza jana."

"Ipo."

"Sasa mfumo wangu utakaa wapi?"

"Tuma tu, Ngwatu."

Alituma. Kila programu ilipofika, Bi. Zamaradi aliijaribu, akaitia alama kwenye karatasi. Mashine ilianza kurudiwa na maneno. Ilipojua tena kuonyesha orodha, nilishangaa kujikuta nimesema "Alhamdulillahi" kwa sauti. Nikaliandika na hilo.

Saa tano kamili umeme ulikatika. Ulikuwa mgao wa kawaida wa Jumanne, na kwa kawaida jenereta ingeunguruma. Haikuunguruma. Nilikimbia nje, nikaikuta iko juu ya lori: Mkurugenzi alikuwa ameagiza ipelekwe jukwaani kwa ajili ya vipaza sauti vya kesho. Yeye mwenyewe alikuwa pale akiwafundisha wanafunzi wa shule ya jirani kugeuka pamoja kuelekea mashine.

"Bwana Mkurugenzi, Bi. Zamaradi anasema betri ya mashine ina dakika arobaini."

"Mwambie aitumie vizuri," alisema. "Kushoto, geuka!"

Nilirudi nikamwambia. Hakukasirika. Alijifuta uso kwa mkono wa sweta, akasema, "Diski yote inataka dakika thelathini na tano. Kaa hapo mlangoni, Hemedi, mtu asiingie akaniuliza kitu."

Kidole chake kilisimama juu ya kibodi. Safari hii aliisoma amri yake herufi kwa herufi, akiigusa skrini kwa ncha ya kalamu, mara tatu. Kisha akanigeukia.

"Hapa ndipo ninapoifuta hotuba," alisema. "Usiandike hilo."

Niliandika: Saa tano na dakika tatu, Fundi alisema, hapa ndipo ninapoifuta hotuba, usiandike hilo.

Sikuwa na nia mbaya. Niliambiwa niandike kila asemacho.

Tulikaa gizani, taa nyekundu ya betri ikitutazama. Akiwa hana la kufanya ila kungoja, alizungumza. Aliniambia Mzee Chande alikuwa fundi saa, na kwamba siku alipomposa alikuja na saa ya mama yake Zamaradi iliyokufa miaka sita, ikiwa inafanya kazi. Aliniambia mtambo wa hospitali una sauti ya cherehani, na mumewe hufumba macho akisikiliza kama una hitilafu. "Asipotiwa kwenye mtambo Jumatano," alisema, "Ijumaa hafiki. Daktari ameniambia wazi." Mimi nikaangalia saa yangu.

Hotuba ilikwisha kufutwa zikiwa zimebaki dakika mbili za betri. Umeme ulirudi katika dakika ya mwisho. Kwa muda uliosalia hadi saa tisa na nusu, ambapo ofisi hufungwa kwa mujibu wa kanuni, Bi. Zamaradi alipita faili moja baada ya jingine akiondoa jina la Mifugo na kuweka la Walio Hai.

Jumatano uwanja ulijaa tangu saa kumi na mbili. Mashine ilikuwa imebebwa mpaka jukwaani ikiwa inafanya kazi, pamoja na betri yake, na vijana wanane wa mgambo waliotembea kwa hatua ndogo kama wamebeba maiti ya mtu mkubwa. Waziri alihutubia. Saa moja na nusu akabonyeza kitufe, na mashine ikazima.

Sijawahi kusikia ukimya kama ule. Kwa sheria yetu, katika sekunde zile hapakuwa na mtu hai nchini, na watu walionekana kulifahamu hilo, maana hata watoto waliacha kukohoa. Bi. Zamaradi alikuwa nyuma ya turubai. Midomo yake ilikuwa ikisogea.

Waziri akabonyeza tena. Feni zikazunguka. Skrini kubwa ikabaki nyeusi, nyeusi, nyeusi. Mistari ikaanza kupanda. Kisha ikatulia, na maandishi meupe yakatokea mbele ya mabalozi wote:

KARIBU, MIFUGO.

Lilikuwa faili moja la salamu, alilolisahau.

Watu walipiga makofi. Walipiga kwa muda mrefu, kwa sababu hapakuwa na aliyetaka kuwa wa kwanza kuacha. Waziri alisubiri hotuba. Aliinama, akaweka sikio kwenye mashine. Saa mbili kamili hospitali zilianza kuuliza, na mashine ikajibu: ndiyo, ndiyo, ndiyo. Katika wodi ya figo, Mzee Chande alijibiwa ndiyo akafungwa kwenye mtambo. Bi. Zamaradi aliliona jina la mumewe likipita kwenye skrini, akakaa chini palepale kwenye nyasi, na sweta lake akalivuta mpaka machoni.

Tume iliundwa siku ileile. Ilikuwa na wajumbe saba na ilikaa siku nne. Suala la mifugo ilikubali kulisamehe, kwa kuwa tusi lilikuwa la jumla na hakuna aliyejitokeza kulalamika. Ilibaki hotuba.

"Nakala za hotuba hii nchini ni ngapi?" Mwenyekiti aliuliza.

"Nasikia ni elfu arobaini," alijibu Bi. Zamaradi. "Iko redioni kila siku. Iko kwenye madaftari ya watoto. Sikuiondoa duniani, Mheshimiwa Mwenyekiti. Niliiondoa mahali ambapo haikupaswa kuwa."

"Hakuna mahali ambapo haikupaswa kuwa. Andika hilo, karani."

Niliandika.

"Ningeiacha," aliendelea, "mashine isingeamka. Saa mbili wagonjwa wote nchini wangehesabiwa wamekufa."

"Je, walihesabiwa?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu niliifuta."

"Kwa hiyo," Mwenyekiti alisema kwa upole, akiwatazama wenzake, "madhara unayotutajia hayakutokea. Kosa limetokea. Tume haiwezi kupima kitu kilichotokea kwa kitu ambacho hakikutokea."

Hata hivyo walikosa ushahidi. Hotuba ingeweza kusemwa ilijifuta yenyewe, kama ilivyosemwa kwamba mashine ilijichagulia. Na nafikiri wajumbe wawili walikuwa tayari kulikubali hilo, kwani ilikuwa karibu na wakati wa chakula. Ndipo Mkurugenzi alipokumbuka mihtasari yangu. Nilisimama, nikasoma ukurasa wa kumi na moja kwa sauti iliyosikika vizuri. Mwenyekiti alinipongeza kwa usahihi.

Kwenye korido Bi. Zamaradi alinipita akiwa katikati ya askari wawili. Alisimama kidogo.

"Hemedi, nilikuambia usiandike."

"Niliandika na hilo pia, Bi. Zamaradi," nilimjibu.

Nilidhani nimejitetea.

Adhabu ya kufuta ni kufutwa. Aliletwa Jumatatu saa mbili unusu, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua kuiendesha programu ya Daftari, aliombwa kuifanya kazi hiyo mwenyewe. Aliketi kwenye kiti chake. Alitafuta jina lake, likaja: Zamaradi binti Shekuwe, yu hai, ameolewa. Akabonyeza.

Programu ya Daftari ilitengenezwa hapa nchini na ina adabu kuliko mashine yenyewe.

"Inauliza kama nina uhakika," alisema.

Bwana Mkupasi alitazama saa. "Jibu ndiyo."

Akajibu ndiyo. Kisha akaamka, akakiingiza kiti chini ya meza, akaelekea nje. Getini kuna kifaa kinachosoma vitambulisho, na kifaa kilisema hakuna mtu kama huyo. Mlinzi, Afande Pongwe, ni mtu wa utaratibu. Asiyekuwepo hawezi kutoka. Hawezi pia kukaa ndani, maana kitabu cha wageni kinadai jina. Walimweka kwenye benchi la mapokezi huku ofisi ikitafuta kanuni.

Alikaa pale mpaka saa nane mchana. Watu walipita. Wengine, ambao alikuwa amewarudisha kwenye uhai kwa mikono yake walipofutwa kwa bahati mbaya, walitazama dari. Saa sita nilimtengenezea chai, ya maziwa, nikashuka nayo. Katikati ya ngazi nilikutana na Mkurugenzi.

"Chai ya nani hiyo?"

Bi. Zamaradi alikuwa hatua kumi kutoka pale. Alikuwa ananiangalia. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Yangu, Bwana Mkurugenzi," nilisema. Na kwa kuwa hakuondoka, niliinywa, nikiwa nimesimama, yote.

Kanuni ilipatikana katika mwongozo wa ugavi: kitu kisicho na jina hutoka ofisini kwa Hati ya Kutoa Kifaa Chakavu, kupitia geti la nyuma, na lazima kiwe na mpokeaji. Niliagizwa kuijaza. Idadi ya vifaa: kimoja. Hali ya kifaa: chakavu. Sababu ya kutolewa: hakipo kwenye orodha.

Mpokeaji alikuwa nje tangu saa tano, ameegemea ukuta. Mzee Chande alikuwa ametoka kusafishwa damu, mkono wa kushoto umefungwa bandeji. Alikwishajaribu geti la mbele. Afande Pongwe alimwangalia kwenye kifaa na kumwambia kwa heshima zote, "Mzee wangu, wewe ni kapera. Hujawahi kuoa. Unamtafuta mke wa nani?"

Afande Pongwe alizunguka akafungua geti la nyuma. Walionana. Mzee akamwita kwa jina la mtoto wao, "Mama Shemsa." Mkewe akasema, "Umekula?" Afande aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akauliza mzee anazungumza na nani.

"Lazima usaini kwanza, mzee," nilimwambia, nikampa hati na kalamu.

Aliisoma. Alikuwa mtu aliyezoea vitu vidogo, akasogeza karatasi karibu na jicho, akaipitia mstari kwa mstari bila haraka, wakati mkewe amesimama juani kati ya geti na sisi. Alipofika kwenye hali ya kifaa alisimama. Akaiweka hati juu ya goti, akalikata lile neno langu kwa mstari mmoja ulionyooka, na juu yake akaandika: mzima. Kisha akasaini.

Kukata neno kwenye hati ya serikali ni kosa. Na hata kisarufi, kifaa hakiwi mzima, kifaa huwa kizima. Karani yeyote angeliona. Niliona. Walikuwa tayari wamekwisha kuvuka barabara, yeye amemshika mkewe mkono kwa ule wenye bandeji, wakitembea polepole. Mkurugenzi aliniuliza kwa sauti kutoka dirishani kama hati iko sawa.

Nilisema iko sawa, nikaikunja.